Seftriaksoni na kamati isiyopendwa

Mtajie daktari wa zamu Kamati ya Dawa na Tiba, ile inayopanga orodha ya dawa za hospitali na kufuatilia zinavyotumika, atakwambia hao ni watu wa vikao. Ana hoja. Mgonjwa anazidiwa saa tisa usiku, dawa inayotakiwa haimo kwenye orodha ya hospitali, na ombi la kuiingiza linasubiri kikao kilichoahirishwa mara mbili. Tena zipo kamati zinazokumbuka kukutana wakaguzi wakikaribia tu, na mfamasia, ambaye ndiye katibu, huwa peke yake aliyesoma ajenda.

Lakini ingia wodini ufungue mafaili. Chukua seftriaksoni tu, antibayotiki ya sindano. Dawa nzuri: sindano moja kwa siku, muuguzi hahangaiki na dozi ya kila saa sita, na inaua vijidudu vya aina nyingi. Basi huandikwa kwa homa isiyojulikana chanzo, huandikwa kwa kikohozi, na mama aliyejifungua kwa upasuaji huchomwa siku tatu, hata tano, eti kwa usalama. Usalama upi? Shirika la Afya Duniani linashauri antibayotiki ya kinga itolewe kabla ya kisu kugusa ngozi, na isiendelezwe upasuaji ukishakwisha. Seftriaksoni yenyewe limeiweka kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa huchochea zaidi usugu, yaani vijidudu kuzoea dawa zisiviue tena. Na mwaka 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo 2030, angalau asilimia 70 ya antibayotiki wanazotumia binadamu ziwe za kundi la kwanza, la dawa za kuanza nazo kama amoksilini.

Daktari mmoja hawezi kuliona hili. Anamwona mgonjwa wake, naye alitoka akitembea. Nani atalalamikia sindano nne za ziada? Anayeona vichupa vyote vilivyotoka stoo mwezi mzima, akavilinganisha na vipimo vya kuotesha vijidudu vilivyofika maabara, ni kamati. Ndiyo inayoweza kuiuliza wodi ya uzazi bila kumnyooshea mtu kidole.

Ni kweli, orodha haisaidii kitu amoksilini ikiwa imeisha stoo. Daktari ataandika kilichopo. Nalo hilo lina meza yake, hiyohiyo ya kamati.

Ya saa tisa usiku inatatulika: fomu ya dharura kwa mgonjwa mmoja, saini ya bingwa na ya mfamasia wa zamu, kisha kikao kinachofuata kiipitie. Ukurasa mmoja tu.