"Mwaka Gani Hasa?": Kazi Inayowangoja Wanahistoria na Mawakili wa Kusini

Kila msomi mwenye asili ya Mtwara au Lindi angepaswa kukijua kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Kinasema kwamba mtu aliyegawiwa ardhi kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977, alipokuwa akiishi au akihamishiwa kijijini, ugawaji wake ni halali, na haki ya aliyekuwa na ardhi hiyo kabla yake imekoma. Ni kipindi cha miaka minane tu. Aliyepewa shamba Oktoba 1977 kifungu kinamkinga. Aliyepewa Machi 1978 hakimhusu, atafute hoja nyingine.

Kwetu kusini kifungu hiki ni kizito kwa sababu ya mikorosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata takribani tani 145,000 za korosho, kisha mavuno yakaporomoka. Moja ya sababu ilikuwa Operesheni Vijiji, kule kuhamishiwa vijijini kunakotajwa na kifungu hicho: watu walihamishwa, mikorosho ikabaki mbali bila wa kuipalilia. Lakini mkorosho haufi haraka. Leo wajukuu wanarudi kwenye mahame ya babu zao na kukuta mtu mwingine anaokota korosho. Yule anasema alipewa na kijiji. Hawa wanasema babu aliiacha kwa amri, hakuigawa. Wote wawili huenda wanasema kweli, na kinachoamua ni mwaka.

Mwaka huo haumo kwenye karatasi. Umo kwenye kumbukumbu ya wazee, na wazee wetu hawahesabu kwa kalenda ya ofisini. Hapo ndipo ninaposhikilia msimamo wangu: mchango mkubwa ambao mhitimu wa historia, wa lugha au wa sheria anaweza kuutoa huku kwetu ni kukaa na wazee wakati bado wapo, na kuandika wanachokijua kwa namna ambayo baraza la ardhi litaweza kukitumia. Tunawapongeza wasomi wetu kwa vyeo. Kazi hii haina cheo, na inapungukiwa watu.

Wapo wanaoona elimu ya lugha na historia haina faida. Sheria hiyo ya 1999 ilitungwa chini ya urais wa Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, ambaye shahada yake ya Makerere ilikuwa ya Kiingereza. Na tunayoyajua kuhusu Maji Maji kutoka vinywani mwa Wamatumbi wenyewe, tunayajua kwa sehemu kubwa kwa sababu miaka ya 1960 G. C. K. Gwassa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kuwahoji wazee walioviona vita vya 1905 au kusimuliwa na waliovipigana. Wangechelewa miaka 15 tu, wengi wa wazee hao wasingekuwepo. Waliohamishwa mwaka 1974 wakiwa na miaka 30 leo wamevuka 80.

Sasa kazi yenyewe. Usianze na "Mzee, ulipewa shamba hili mwaka gani?" Atakupa mwaka ili akuridhishe, na siku ya kusikilizwa atatoa mwingine. Salimia, kaa, kisha uliza kwa matukio: "Bibi, mlipohamia hapa, Karume alikuwa hajafa?" Karume aliuawa Aprili 1972. "Msumbiji walikuwa wameshapata uhuru?" Hiyo ni Juni 25, 1975, na huku mpakani wengi wanaikumbuka. "Vijana walikuwa wameshaitwa vita vya Uganda?" Hapo umevuka Oktoba 1978, nje ya kifungu. Ongeza matukio ya nyumbani: mtoto yupi alikuwa mgongoni, nani aliingia jandoni msimu ule. Ukipata matukio matatu yanayokubaliana, una mwaka. Yakigongana, andika kwamba yamegongana. Usiyalainishe, maana wakili wa upande wa pili atayakuta.

Mhoji kila mzee peke yake. Ukiwakusanya chini ya mwembe mmoja, atasema mwenye sauti na wengine wataitikia, nawe utarudi na ushahidi wa mtu mmoja uliotiwa saini na watu wanane. Kama anasema Kimakonde, Kimwera au Kiyao, andika maneno yake kama alivyoyatamka, kisha tafsiri chini yake. Hata Kiswahili chetu kina mitego. Mtu akisema "niliuza mikorosho", huenda aliuza shamba, au aliuza mavuno ya misimu miwili huku ardhi ikibaki yake. Aliyeandika "aliuza shamba" bila kuuliza tena amekwisha kumpokonya mtu mali.

Hesabuni miti pamoja, mashahidi wa pande zote wakiwepo. Kwa nafasi inayoshauriwa ya mita 12 kwa 12, ekari moja huingia mikorosho kama 28. Mashamba ya zamani yamebanana zaidi, lakini mtu akidai ekari 5 zina mikorosho 400, huenda ekari si 5 au miti si 400. Andika jirani wa kila upande kwa jina, kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na alama isiyohama: mbuyu, korongo, kaburi.

Upande wa mawakili, naona kesi nyingi huanguka kabla ya ukweli kusikilizwa. Kosa la kwanza: mtoto anafungua shauri la shamba la marehemu baba yake kwa jina lake mwenyewe. Hana mamlaka hayo mpaka ateuliwe kuwa msimamizi wa mirathi, na shauri litaondoshwa hata kama shamba ni lao waziwazi. La pili: maombi yanayosema "shamba lililopo kijiji fulani" na basi. Kanuni za Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya zinataka eneo lielezwe hadi litambulike, na wale majirani wanne ndio wanaokuokoa hapo. La tatu: kuruka Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 kata haiamui tena migogoro ya ardhi, inapatanisha tu, lakini Baraza la Wilaya halikupokei bila uthibitisho kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa siku 30 zimepita bila suluhu. La nne linawauma wengi: kuishtaki Halmashauri ya Kijiji kama jirani wa kawaida. Tangu 2020 shauri dhidi ya serikali za mitaa linahitaji notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na liende Mahakama Kuu. Msaidizi wa kisheria anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 haruhusiwi kukuwakilisha mahakamani, ila anaweza kukueleza haya manne bila malipo, na hayo peke yake ni nusu ya kesi.

Kwenye mirathi mambo yanazidi kuwa magumu, na hapo ndipo wakili asiyejua historia ya watu anapoharibu. Tamko la sheria za mila la 1963, linalonukuliwa sana, lilitungwa kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili walifuata ukoo wa mama, na sauti ya mjomba ilikuwa kubwa. Wengi wao pia ni Waislamu, wengine Wakristo wa vizazi vitatu. Mahakama inapochagua sheria ya kugawia mirathi hutazama namna marehemu alivyoishi na alivyokusudia. Nani atalieleza hilo? Anahitajika mtu awezaye kutenganisha shamba la ukoo, lililotoka kwa bibi mzaa mama, na shamba ambalo marehemu alilifyeka na kulipanda mwenyewe pamoja na mkewe. Na aijue mipaka ya mila: kifungu cha 20 cha ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Mjomba hawezi kumtoa mjane shambani kwa hoja ya mila peke yake. Msimamizi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali, na bila ile hesabu ya miti atabaki anakisia.

Rehani ya mikorosho, yaani kumwachia mtu miti aivune kwa misimu fulani ili upate fedha, nayo ingepungua machungu kama kila mwalimu wa kijiji angejua kuiandika. Taja idadi ya miti, si "shamba". Taja misimu kwa miaka yake, kwa mfano 2025/26 na 2026/27. Taja fedha kwa tarakimu na kwa maneno. Taja nani atanunua salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, na nani atapalilia, kwa sababu ugomvi huanzia kwenye gharama hizo. Kisha andika waziwazi kwamba mpokeaji wa miti ameingia kwa ruhusa ya mwenye shamba. Mahakama zetu zina msimamo kwamba mwalikwa hawezi kumtoa mwenyeji wake, hata akikaa zaidi ya ile miaka 12 ya ukomo wa madai ya ardhi, ila lazima pawepo kitu kinachoonyesha kwamba alialikwa. Lipieni ushuru wa stempu, maana mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kuwa kielelezo hadi ushuru na faini vilipwe.

Maelezo ya wazee yaandikwe kabla ugomvi haujazuka. Kauli ya marehemu kuhusu undugu ina uzito zaidi ikiwa ilitolewa kabla mgogoro haujaanza. Tarehe ya siku ya mahojiano, jina la aliyehoji, lugha iliyotumika, dole gumba la mzee, mashahidi wawili wasio na haja na shamba. Nakala tatu: moja kwa ukoo, moja kwa mtendaji wa kijiji, moja kwa aliyeandika, nje ya kijiji, mahali pasipofika mchwa.