Mto Irpin: bonde likaushwe tena au liachwe na maji yake?

Wengi tulilisikia jina la Irpin Machi 2022, zile picha za watu wamejibana chini ya daraja lililolipuliwa wakisubiri kuvuka kukimbia mabomu. Ule ni mji, mto wenyewe una kilomita 162 hivi na unaishia kwenye mto mkubwa wa Dnipro, kaskazini ya Kyiv, mji mkuu wa Ukraine. Siku za mwanzo za vita jeshi la Ukraine lilibomoa tuta la Kozarovychi pale mto unapoishia, maji yakamwagika kurudi bondeni, hekta zaidi ya elfu 2 zikafunikwa, na vifaru vya Urusi vilivyokuwa vinashuka kuelekea Kyiv vikakosa pa kupita. Tangu hapo watu wanabishana, bonde likaushwe lirudi kuwa mashamba au liachwe liwe ardhi oevu.

Wanaotaka likaushwe wana hoja, tena nzito. Kijiji cha Demydiv maji yaliingia mpaka stoo za chini ya nyumba, kule familia inakoweka viazi na mboga za kula wakati wa baridi, unavuta kwa pampu yanarudi tena. Halafu maji yenyewe si ya Irpin tu, mengi yametoka kwenye ziwa la bwawa la Kyiv, lililo kwenye Dnipro ng'ambo ya lile tuta, na tope la chini ya ziwa hilo lina mabaki ya mionzi ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya 1986. Mtu akikwambia haya hataki kwenye bustani yake huwezi kumlaumu.

Ila kuna jambo linarukwa sana na mimi linanikera. Miaka ya 1960 Wasovieti walipojenga bwawa la umeme la Kyiv, maji ya ziwa yalipanda juu kuliko usawa wa Irpin, kwa hiyo wakaziba mdomo wa mto kwa tuta na kufunga mapampu makubwa. Fikiria hapo. Mto mzima, maji ya bonde la kilomita za mraba 3,000 na zaidi, hauwezi kuingia kwenye mto mama bila kunyanyuliwa kwa umeme, mvua inyeshe, theluji iyeyuke, pampu zizunguke tu. Ukisema "tulirudishe bonde lilivyokuwa" unaongelea hali inayoshikiliwa na mashine, na ni kwenye nchi ambayo vituo vyake vya umeme vinapigwa makombora kila msimu wa baridi. Siku umeme ukikatika muda mrefu, bonde linajaa lenyewe bila jeshi kugusa kitu.

Na hayo mashamba yalipatikana kwa kunyoosha mkondo na kuchimba mitaro ili kinamasi kikauke. Udongo wa kinamasi ukishakauka unashika moto kirahisi, unawaka chini kwa chini na kutoa moshi siku nyingi, watu wa Kyiv wanaujua huo moshi. Siku hizi hata wakulima ni wachache, wanaolimezea mate bonde ni wajenzi wa maghorofa, hilo nalo lisemwe.

Habari ya ulinzi haikuanza 2022 pia. Julai 1941 Wajerumani walikwama kwenye mto huu huu, mbele ya ngome za zege zilizojengwa kuufuata, kabla hata bwawa la Kyiv halijajengwa.

Kwa hiyo naona sehemu ya chini ya bonde iachwe na maji. Demydiv wajengewe tuta lao kuzunguka kijiji, pampu zibaki kwa eneo hilo dogo tu, visima na udongo vipimwe mionzi na majibu wapewe wenyewe mkononi, na aliyepoteza nyumba au shamba alipwe kwanza, kabla mtu yeyote hajaweka kibao cha hifadhi.