Nyie mnaolalamikia kitabu kimoja cha TET, njooni Ohio muone

Huwa naona watu wanaandika eti Tanzania tumebanwa, mtoto wa Kagera na wa Mtwara wote kitabu kilekile cha TET (Taasisi ya Elimu Tanzania, ndo inayotunga vitabu vya shule), wenzetu Marekani wana uhuru. Uhuru upo, tena mwingi, mi niko Columbus, Ohio na wanangu wako shule ya msingi, ngoja niwape habari zake.

Huku mtaala wa taifa hakuna, sheria inaikataza kabisa serikali kuu kuzipangia shule zifundishe nini. Jimbo linatoa viwango, yaani mtoto wa darasa fulani awe anajua nini, namna ya kumfikisha hapo inabaki sana kwa wilaya ya shule, yaani eneo lenye bodi yake ya kusimamia shule zake, na Ohio peke yake ina wilaya za shule zaidi ya 600. Basi kila wilaya inanunua programu zake, yaani vifurushi vya kufundishia, hesabu kampuni hii, kusoma kampuni ile, sayansi nyingine tena, na kila programu ina mwongozo wake wa mwalimu, madaftari yake, majaribio yake na paswedi yake ya tableti (paswedi zenyewe mzazi ndo wa kuzikumbuka).

Sisi tulihama mtaa tu tukaangukia wilaya nyingine. Wangu alizoea kuzidisha 24 kwa 13 kwa kuchora kisanduku, 20 na 4 juu, 10 na 3 pembeni, anapata 200, 40, 60 na 12, anajumlisha 312, safi. Shule mpya wanataka namba zipangwe wima kama tulivyofundishwa sie, kwa hiyo jibu sahihi na bado anaambiwa arudie. Kwetu ukihamishwa kikazi kutoka Singida kwenda Tanga mtoto anaendelea na kitabu kilekile, labda kurasa tu ndo zimepishana.

Ila kusoma ndo vituko. Miaka na miaka shule kibao za huku zilitumia programu zinazomwambia mtoto akikwama kwenye neno aangalie picha, akisie neno gani litaingia hapo. Akisie jamani! Sie tuliimba ba be bi bo bu mpaka majirani wakajua. Ohio ilibidi mwaka 2023 watunge sheria ya kukataza huko kukisia na jimbo likatoa orodha ya programu za kusoma zinazoruhusiwa, zitumike kuanzia mwaka wa masomo 2024/25. Najua mtasema Kiswahili kinasomeka kinavyoandikwa, kweli, Kiingereza tahajia yake ni balaa, lakini si ndo sababu zaidi ya kumfundisha mtoto sauti za herufi mapema?

Wanapotuzidi ni kabla ya kununua. Wilaya nyingi zinaijaribu kwanza programu kwenye madarasa machache, walimu wanasema wameionaje, mzazi ukitaka unaenda kupekua vitabu, halafu bodi inapiga kura kwenye kikao cha wazi. Dada yangu ni mwalimu huko nyumbani, huu mtaala mpya ulioanza Januari 2024 anafundisha darasa la tatu, anaandika azimio la kazi, anaandika andalio la somo, lakini kupewa kitabu akijaribu kabla hakijachapwa ili aseme hapa watoto wanakwama, hajawahi kuombwa hata siku moja. Mi nabaki na kitabu kimoja, ila kianze kwa walimu kama yeye, hata muhula mzima, ndo kiende nchi nzima.