Mpira uko Temeke, picha inapitia São Tomé

Jamani masika yenyewe ndo kwanza yanapiga hodi na king'amuzi changu kishasusa. Mpira uko dakika za lala salama, mshambuliaji anaingia kwenye boksi, picha ikaanza kukatikakatika, ikaganda mguu ukiwa hewani, halafu yakaja yale maandishi ya hakuna signo. Jirani mwenye redio huyoo, goooli! Goli la nani? Hakuna anayejibu.

Kifurushi nimelipia, LUKU nimeweka, halafu manyunyu ya Mbagala ndo yanizuie? Binti yangu Zuhura yuko fomu tatu, akanieleza kwa ile sauti ya kumsomesha babu: baba, mawimbi ya chaneli hizi ni mafupi sana, yakikutana na mvua yananyonywa na kutawanyika njiani. Satelaiti yenyewe iko juu ya Ikweta, digrii 7 mashariki, kilomita 35,786 kwenda juu. Nikafungua ramani kwenye simu nione chini yake kuna nini. São Tomé, kisiwa kule baharini upande wa pili wa Afrika! Yani mpira unachezwa kwa Mkapa hapo Temeke, daladala moja tu, ila picha ipande hadi mbingu ya São Tomé ndo inirudie Mbagala, safari ya zaidi ya kilomita 70,000. Nauli ningelipa mimi mwenyewe ningeshafika uwanjani.

Nikamwita fundi. Kaja na spana moja na bisibisi, ngazi hana, kapandia tenki la maji. Kabla hajagusa kitu akasonya, "Nani alikufungia hivi bosi? Huyu si fundi." Mama Zuhura akamjibu kutoka sebuleni, "Ni wewe." Akakaza nati kimyakimya. Halafu akatangaza, "Satelaiti imehama." Zuhura akadakia, haihami fundi, inazunguka sambamba na dunia, kilomita 3 kila sekunde, ndo maana tunaiona imetulia. Fundi akamwangalia kutoka juu ya bati: "Mwanangu, kitu kinakimbia kilomita tatu kwa sekunde, halafu unaniambia hakijahama?" Tukakosa la kusema.

Basi ikaanza kazi. Fundi juu ya bati, mimi uani, Zuhura dirishani, Mama Zuhura mbele ya TV. Fundi anasukuma dishi kidogo, Mama anaita "imekuja!", Zuhura anaita "imekuja!", mimi "imekujaaa!", na fundi saa hiyo keshasukuma tena, Mama "imeondoka!" Rudisha! Wapi? Ulipotoka! Huku au kule? Signo inakwenda mbinguni na kurudi kwa robo sekunde hivi, ila kutoka sebuleni kwangu hadi kwenye bati inachukua muda wa kuchemsha chai. Mtoto wa jirani naye kapanda ukutani anaita "imekuja!" na wala TV haioni. Fundi anauliza asilimia, Mama Zuhura anasoma kwa sauti mtaa mzima usikie, "Nguvu themanini, ubora sifuri!" Nikadhani ananisema mimi.

Mvua ikakatika. Picha ikarudi yenyewe, fundi kashika mti wa fagio aliokuwa anakung'utia majani, dishi saa hiyo hata hajaligusa. Akashuka, akanawa mikono, elfu ishirini na tano. Ya nini? "Ya kuseti." Nimelipa elfu ishirini na tano kumsubirisha mtu mvua iishe!

Halafu watu wanasema zamani kulikuwa na shida. Mwaka 1965 iliporushwa Early Bird, satelaiti ya kwanza ya biashara kukaa huko juu, ilibeba simu 240 au chaneli moja ya TV, uchague. Chaneli moja, nani atagombea rimoti? Kwangu zipo mia na ushee na usiku wote tunaangalia tamthilia ya Kituruki.

Wakati anaondoka fundi akaniachia lingine, eti mwembe wa mzee wa jirani unarefuka upande wa magharibi, mwakani utaziba kabisa. Nimekwenda kwa adabu, shikamoo mzee, naomba tupunguze tawi. Kaniambia mwembe kaupanda marehemu baba yake, dishi langu ndo limeukuta. Na embe zenyewe hatoi, mtoto akiokota moja anatoka na bakora, ila majani yote yanaanguka kwangu, mfereji umeziba, na mwenyekiti wa mtaa kapita asubuhi anasema usafi wa mfereji ni jukumu langu.