Tope la Sabaki lisitufiche oili ya gereji

Masika yakikaribia, mjadala ule ule hurudi Malindi: je, gereji, karakana za kuchomelea na vituo vya mafuta vilazimishwe kuyazuia maji ya mvua yanayotoka viwanjani mwao kabla hayajaingia mtaroni na kuishia baharini? Wanaopinga wana jawabu moja: itazameni Sabaki kwanza. Mto unashuka na udongo wa Ukambani na wa bara yote ya juu, unaigeuza bahari rangi ya chai ya maziwa, nanyi mnamwandama fundi mwenye spana zake.

Hoja hiyo ina uzito. Tope la Sabaki limeyasumbua kweli matumbawe ya hifadhi yetu ya bahari, iliyotengwa tangu 1968, na hakuna gereji ya kushindana na mto kwa wingi. Lakini tazameni upepo. Tope hilo husukumwa upande wa mji na hifadhi wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi. Kusi likishika, mkondo hulipeleka kaskazini, upande wa Ngomeni. Na mvua yetu kubwa hunyesha lini? Mei, kusi limeshashika. Maji machafu yanayoshuka mitaroni mwezi huo hayana Sabaki ya kusingizia. Tena si yote yanayofika baharini: mji umekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, maji hupenya chini, na visima vya majumbani bado vinatekwa.

Kuna hesabu moja hainitoki moyoni. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha gereji cha mita 20 kwa 25 kikinyeshewa milimita 10 tu, kimepokea lita 5,000, yaani mapipa 25 ya lita 200. Mtu akisikia hivyo hukata tamaa: nani atazuia mapipa 25? Hakuna anayehitaji. Kiangazi kizima oili imedondoka, betri kuukuu zimevuja, vumbi la breki limetanda. Mvua ya kwanza ndiyo inayoosha yote hayo, na mapipa machache ya mwanzo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya uchafu. Yanayofuata huwa na nafuu kubwa.

Hapo ndipo wanaodai udhibiti wasipoeleweka. Wanadhaniwa wanataka kila fundi achimbe hodhi la zege la kutenganisha oili na maji. Hodhi lisilosafishwa lina hatari yake: mvua moja kubwa huzoa oili yote iliyokusanyika. Wanachotaka hasa ni mvua isikutane na oili. Bati juu ya mahali injini zinapofunguliwa. Tuta dogo la simenti la kuzuia maji ya nje. Karai chini ya gari, vumbi la mbao kwa iliyomwagika, pipa la oili chafu lenye kifuniko. Marekani, ambako kanuni za 1990 zilivitaka viwanda vya aina nyingi kuwa na kibali cha maji ya mvua, anayethibitisha kwamba hakuna kitu chake kinachonyeshewa huondolewa sharti la kibali. Paa linatosha.

Fundi naye ana lalamiko la haki, nami siwezi kulipita. Kiwanja ni cha kupanga. Akiezeka leo, kesho anaambiwa ahame na bati linabaki kwa mwenye nyumba. Kumtoza faini yeye peke yake ni kumwonea, na faini haiezeki paa. Kaunti hutoa leseni ya biashara kila mwaka. Sharti la paa liandikwe humo, limbane mwenye kiwanja, na fundi abanwe kwa karai na pipa. Kaunti yenyewe izibue mitaro mwezi wa Machi, uchafu wa kiangazi ukiwa bado mkavu juu ya sakafu na unaweza kufagiliwa kwa ufagio.