Kura ya mtandaoni Estonia haimfungi mtu

Habari niliyoisoma inasema Waestonia watachagua wabunge 101 wa Riigikogu, yaani Bunge lao, Machi 2027, na mwandishi wake ana hofu kwamba kura ya mtandaoni inayopigwa nyumbani itamfanya mume ampigie mkewe kura. Mimi naishi Tallinn, mji mkuu wa Estonia, mke wangu ni wa huku, na mwaka 2023 nilimwona akipiga kura hapo mezani, mtoto yuko mapajani. Alichomeka kitambulisho chake kwenye kompyuta, akaingiza namba ya siri ya kwanza kujitambulisha, akachagua mgombea, kisha namba ya pili kutia saini. Akachukua simu akahakiki kuwa kura imefika kama alivyoipiga.

Jambo ambalo mwandishi ameliacha ndilo kubwa: kura hiyo inabadilishwa. Ukilazimishwa jioni, asubuhi unapiga upya, na inayohesabiwa ni ya mwisho. Hata Jumapili ya uchaguzi unaweza kwenda kituoni, na karatasi inafuta ile ya mtandaoni. Sasa nani atanunua kura asiyojua kama itadumu? Watu wanapiga kura mtandaoni tangu 2005, na 2023 zaidi ya nusu ya kura zilipigwa hivyo.

Kinachoniuma mimi ni kingine kabisa. Chini yetu anakaa bibi mwenye pasipoti ya kijivu, yaani hana uraia wa nchi yoyote. Amezeekea mji huu huu, na Bunge hana ruhusa ya kulichagua. Hilo ndilo ningependa mwandishi alifuatilie kabla ya Machi.