Nyimbo, visoda na vijiti darasa la kwanza: mtoto anaelewa au anachangamka tu?

Kuna ubishi nausikia sana kwa walimu wa msingi na wazazi, hawa wanasema mtoto wa darasa la kwanza na la pili afundishwe kwa michezo, nyimbo na vikundi, wale wanasema hizo ni mbwembwe, mtoto akae asikilize aandike, mbona sisi tulisoma hivyo na tukajua. Mi naona wote wana hoja, shida wanaweka nyimbo na vijiti kapu moja wakati ni vitu viwili tofauti kabisa.

Chukua 32 kutoa 7. Ubaoni unamwambia mtoto mbili kutoa saba haiwezekani, kopa kwa jirani. Anakariri, kesho ukimpa 38 kutoa 5 anakopa na hapo pia. Sasa mpe mafungu matatu ya vijiti kumi kumi yamefungwa kamba, na vijiti viwili pembeni, mwambie atoe saba. Atahangaika kidogo alafu atafungua fungu moja mwenyewe, atakuwa na 12, atoe saba vibaki vitano na mafungu mawili yako palepale, 25. Hujamfundisha kukopa, ila ameona kwa macho yake kwamba ile moja ya jirani kumbe ni kumi! Maelezo ya ubaoni hayafiki hapo hata uongee asubuhi nzima, na vijiti vyenyewe ni vya kuokota.

Nyimbo sasa. Darasa zima linaimba a e i o u mpaka raha, anayepita nje anajua hapa watoto wameiva. Nyooshea kidole herufi o peke yake umuulize mmoja mmoja, wapo watakaoanza kuimba kutoka a ndo waifikie. Wameshika wimbo, herufi bado. Hapo wanaosema mbwembwe wako sahihi na tusiwabishie.

Alafu kuna idadi, na hii ndo inaniuma zaidi. Elimu bila malipo ilipoanza 2016 watoto waliingia kwa wingi, jambo jema sana, ila kiwango chetu Tanzania ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45 na kuna madarasa yamevuka 100. Kipindi cha dakika 30 ukigawa kwa watoto 100 ni sekunde 18 kila mmoja. Huyo mwalimu apange vikundi, agawe visoda, azunguke, avikusanye, kengele imegonga watoto bado wanagombania visoda. Akirudi kwenye "semeni wote" simlaumu, na sio haki aambiwe hana ubunifu wakati manila na makapeni ananunua kwa mshahara wake.

Kenya walikuja na Tusome, mpango wa kufundisha kusoma madarasa ya chini, kitaifa ilianza 2015, kila mtoto na kitabu chake na mwalimu ana mwongozo wa hatua kwa hatua, mwalimu anasoma, wanasoma pamoja, mwisho mtoto anasoma mwenyewe. Wapo wanaosema mwongozo wa namna hiyo unamfunga mwalimu mzoefu na naelewa, ila ile hatua ya mwisho ndo inayokosekana kwetu, kwenye nyimbo haipo na kwenye ubao haipo.

Kwa hiyo mi siko upande wa nyimbo wala wa ubao, mi nauliza mtoto mmoja mmoja amefanya nini. Hata darasa likiwa kubwa inawezekana, dawati la watatu mmoja asome kadi za silabi zilizokatwa kwenye maboksi, wenzake wamsikilize, wabadilishane, mwalimu apite madawati machache leo na mengine kesho akiandika majina ya waliokwama. Kelele zitakuwepo, walimu wa darasa la jirani naomba mvumilie. Na walimu wakuu, msiwarundike walimu wenu hodari wote darasa la saba kisa mtihani, rudisheni hata wawili darasa la kwanza.